Walinipangia Kikapu cha Harusi Yangu Mezani Kiuzwe

Nilikuta kikapu changu cha harusi kinauzwa!

Tena kwenye meza yangu mwenyewe! Na anayekiuza ni wifi yangu Joëlla, anayekula na kulala kwangu Musaga!

Jamani, niacheni nipumue kwanza...

Mimi ni Médiatrice, Mama Nella. Kazi yangu ni kuzunguka milimani kutafuta wasusi wazuri, kisha nauza kazi zao kwenye maonyesho hapa Bujumbura. Hiki hakikuwa cha biashara. Ni agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, na alikisuka marehemu mama kwa ajili ya ndoa yangu. Ndicho pekee nilichobaki nacho cha mikono yake.

Jumamosi hiyo nilitakiwa niwe Rumonge kuchukua mzigo, Joëlla anishikie meza kwenye foire, maonyesho ya Kinindo. Gari ikaharibika, nikageuza.

"Joëlla! Nani amekupatia hii?"

Akababaika. "Mama Nella... ni kaka. Alisema ni kitu ya zamani tu, iko inakaa bure juu ya kabati."

"Bwana yangu Régis? Si iko Gitega ku kazi?"

Akajifanya anapanga vikapu vingine.

Kumbe mteja alishakikumbatia! Binti mrembo, pete inameta kidoleni.

"Nimeshalipa, mama."

"Mutoto wangu, hii haiuzwe. Mama yangu alinisukia, nikaenda nayo kwa bwana."

Macho yakamng'aa. "Ya harusi kabisa? Sasa ndo naitaka zaidi!"

Yaani kila nilivyolalamika ndivyo nilivyozidi kumuuzia! Nikafunga mdomo.

"Harusi yangu ni wiki kesho," akaendelea kwa furaha. "Fiancé wangu ndiye alinituma hapa. Alisema dada yake ananiwekea ya muzuri."

Mmesikia? Dada yake!

Nikamgeukia Joëlla. Alikuwa anatafuta pa kujificha chini ya meza.

"Mupigie," nikamwambia binti. "Weka haut-parleur, wote tusikie."

Simu ikaita.

"Allô, chérie!"

Ile sauti naijua hata usingizini.

"Chéri, kuna mama moja hapa anakatala nibebe kikapu."

"Achana naye, hao wauzaji wana makelele. Beba tu."

Nikaisogelea simu. "Baba Nella, Gitega kunanyesha?"

Akakata!

Yule binti, Elvire, akanitazama, akamtazama Joëlla, akaelewa. Machozi yakamtoka. Nami moyo uliniuma, sitawadanganya. Mwanaume anataka kuoa mke wa pili kwa kikapu cha wa kwanza! Lakini nilie mbele ya foire nzima? Apana!

Nikafunua kikapu. Nikavua pete yangu, nikaitumbukiza.

Elvire naye akasogea. Akavua yake, nayo ikaingia. Wamama wa meza za jirani wakapiga vigelegele utafikiri wanamtoa bi harusi!

Nikafunika, nikamkabidhi Joëlla.

"Mupelekee kaka yako. Halafu unirudishie agaseke yangu. Na unajua vile inafanyika kwetu."

Alijua. Kikapu kikija kwako na kitu, hukirudishi kitupu. Ni tusi. Nilitaka nione huyo bwana atatia nini. Nilidhani atatia kitenge, aje aombe msamaha...

Jioni, nikiwa nakunja meza, Joëlla akarudi na kikapu kichwani. Nikafunua.

Funguo mbili! Za nyumba ya Musaga, ile ninayoilipia mimi kwa vikapu vyangu!

"Moja ni ya kaka, amebeba nguo zake," akasema akilia. "Ingine ni ya mi, nimetia mwenyewe. Nilisema labda utanirudishia..."

Akasimama akisubiri nimwonee huruma.

Nikachukua zote mbili. Nikamwambia vitu vyake atavikuta mlangoni.

Wadada, mtu akianza kuita vitu vyako "vya zamani", msibishane kuhusu kitu. Angalieni anampisha nani!

Na kikapu? Kila foire nakiweka katikati ya meza. Ukikiulizia bei, nitakuonyesha vingine.