Kimbunga Kilichogeuka

Kila siku saa saba mchana Petronila alikuwa na kazi moja: kwenda dukani kwa Zaidi, jirani na shule yao mjini Karatu, kusikiliza taarifa ya habari redioni. Kisha aliandika habari za hali ya hewa kwenye ubao wa nje ya ofisi ya walimu. Alikuwa darasa la sita, na kazi hiyo ilimpa heshima mbele ya wenzake.

Jumatatu moja ya Aprili, mwaka 1984, aliandika: "Kimbunga kiko baharini. Kinaelekea pwani ya Lindi." Wengi walisoma wakapita, maana Lindi ni mbali. Lakini Mwalimu Mwanamisi alisimama pale muda mrefu. Mama yake mzazi aliishi Lindi, peke yake, katika nyumba ya udongo karibu na ufuko.

Jumanne mchezo wa rede ulinoga. Petronila alipokumbuka redio, taarifa ilikuwa imekwisha. Akajisemea kuwa habari ya jana ndiyo ya leo, akaandika: "Kimbunga bado kinaelekea Lindi. Kitafika kesho."

Jioni mama yake alimtuma kupeleka maziwa kwa Mwalimu Mwanamisi. Alimkuta anapanga nguo kwenye begi, macho mekundu.

"Nimeomba ruhusa," mwalimu alisema. "Alfajiri napanda basi. Najua sitawahi, ila siwezi kukaa tu huku mama yuko hatarini."

Petronila aliweka chupa mezani.

"Mwalimu, naomba unisamehe. Leo sikusikiliza redio. Nilikuwa nacheza. Yale maneno niliyatunga."

Mwalimu alijitanda kanga, akamshika mkono, wakaenda kituo kidogo cha hali ya hewa kwa Bwana Tajewo, ambaye kila jioni alizungumza na Dar es Salaam kwa redio ya mawasiliano.

"Kaa, mwalimu," Tajewo alisema baada ya kuwasikiliza. "Picha ya setilaiti ya jana ilionyesha duara la mawingu ya kimbunga likija moja kwa moja pwani. Ya leo asubuhi ikaonyesha limekata kona ghafla, linarudi baharini. Ya mchana nayo inasema hivyo hivyo. Mama ataona mvua tu."

Mwalimu alifunika uso kwa kanga akalia, halafu akacheka huku machozi yakimtoka. Petronila naye akashusha pumzi.

"Binti," Tajewo akamgeukia, "leo kimegeukia baharini. Kingeweza vilevile kuwageukia watu waliolala bila wasiwasi. Ndiyo maana wenzangu wa Dar es Salaam hutazama kila picha mpya, hata kama ya kwanza ilikuwa wazi. Usilolisikia, andika kwamba hujui."

"Nimeelewa, baba."

Mwalimu Mwanamisi alijifuta macho. "Mchana ulikosa, Petronila. Lakini umesema kweli kabla hujabanwa, na kweli hiyo imenitua mzigo. Uvivu wa dakika chache unaweza kumtesa mtu asiye na hatia. Ukikosea tena, usingoje jioni."