Umeme wa Mtu Mmoja

Jumamosi asubuhi soko la vipuri halina adabu. Mabega yanagongana, ekzosi zinapita juu ya vichwa, na kila muuzaji anamwita kila mpita njia bosi. Katikati ya msukosuko huo alisimama mwanamume mrefu mwenye kipara kinachong'aa na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, ameikumbatia betri ya lori kifuani. Doa la grisi lilikuwa limeshamkaa tumboni, na yeye wala habari hana.

Fundi alimwona tangu mbali. Katika safu ile nzima ya vibanda, fundi umeme wa magari wa kike alikuwa yeye peke yake: ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, na testa ya kupimia umeme ikining'inia shingoni pale wenzake wanapovaa mkufu. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kusahauliwa. Hata shangazi yake, aliyekaa mbele ya kibanda akipokea wateja na kugawa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, alimwita Fundi.

"Kaka, hiyo betri unaipeleka wapi?"

"Nyumbani," alisema yule mwanamume, kisha akajirekebisha. "Kwenye gari. Yaani, gari ndiyo nyumba yenyewe."

Ikabidi aiweke chini aeleze. Alikuwa mpima macho. Alinunua gari-nyumba kuukuu kwa wazee wawili waliochoka kusafiri, lenye kitanda, jiko na kabati ndani yake, na sasa huzunguka sehemu ambazo duka la miwani halijawahi kufika. Huegesha wiki nzima kwenye uwanja wa shule au nyuma ya zahanati, akapima watu macho na kuwasagia vioo vya miwani hapo hapo. Tatizo ni kwamba huko aendako hakuna pa kuchomeka waya. Kila baada ya siku mbili taa zinafifia, mashine inagoma, na watu waliotembea tangu alfajiri wanarudi makwao bila miwani. Hii ilikuwa betri yake ya tatu katika miezi miwili.

"Basi hata hii itakufia," Fundi alimwambia. "Hiyo ni ya kuwashia injini. Inatoa nguvu kwa kishindo, halafu inataka kulala. Wewe unahitaji betri yenye subira, ya kutoa kidogo kidogo kutwa nzima."

Alichukua karatasi na penseli akaanza kumhoji kama karani wa sensa. Taa ngapi? Friji ya ukubwa gani? Mashine ya vioo inakula wati ngapi? Mpima macho alijibu kila swali bila kusita, na Fundi, anayependa mtu anayejua vitu vyake, akajikuta anamtazama mara mbili.

"Na mnaoishi humo ni wangapi?"

"Mmoja." Akakitazama kile kitambaa cha rangi ya chungwa. "Kwa leo."

Shangazi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua yoyote.

Kazi ya siku moja ilichukua siku tatu, na tusiisingizie mvua. Kila mmoja alikuwa anairefusha kwa upande wake. Fundi alifunga betri mbili chini ya kitanda, sola juu ya paa, inveta ya kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine, na ubao wa fyuzi kabatini. Mwisho alibandika ile karatasi ndani ya mlango wa kabati. Juu aliandika *Mtu mmoja*, na chini yake masharti. Vioo visagwe saa sita, jua likiwa utosini. Chai kwa gesi. Inveta izimwe kazi ikiisha, maana hata ikikaa bure inakula. Betri isishuke chini ya nusu. Kitu chochote chenye kutoa joto kisichomekwe kwenye inveta. Na sharti la mwisho alilipigia mistari miwili: hakuna kutoboa paa wala ukuta bila yeye kuwapo, kwa sababu nyaya zake zimepita humo.

Alifunga pia kimita chenye laini yake ya simu, kikawa kinamtumia taarifa za betri popote alipo. Alisema ni kwa usalama. Shangazi alisema siku hizi uchumba una majina mengi.

Ukawa uchumba kweli. Kila jioni saa kumi na mbili simu ililia, na mpima macho akatoa ripoti ambayo Fundi alikuwa ameshaiona kwenye simu yake mwenyewe. "Asilimia themanini na mbili, mpenzi." Naye humjibu, "Sabini na tisa. Umesahau kuzima inveta, Kipara wangu." Hatua sakafuni, swichi ikalia kwe. Kisha wakaanza mazungumzo yasiyohusu betri, na hayo yalikuwa marefu. Miezi minne ikapita hivyo. Gari liliporudi mjini Fundi alikwenda kulikagua, na siku moja alipojilaza kitandani humo kupumzisha mgongo alisema kwamba angeweza kuishi hapa kabisa, ila dari imekaa usoni kama mfuniko wa sufuria. Mtu akilala na aone mbingu. Alisema tu, akasahau. Mwenzake hakusahau.

Sasa sikiliza kosa ambalo mke wa mwalimu au binti wa karani asingelifanya kamwe, kwa sababu lilitaka ufundi.

Jumanne moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kimita kilionyesha ampea mia moja zikitoka kwenye betri kwa dakika kumi. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi tena. Fundi alivijua vyombo vya gari lile kwa ulaji wao, kama mama anavyowajua wanawe kwa nyayo. Mashine ya vioo ilikula thelathini na tano, tena mchana. Hiki kilikuwa kitu cha joto. Birika la umeme lingemaliza kwa dakika nne. Pasi ingewaka na kuzima. Hiki kilipanda juu, kikashuka nusu, kikapanda tena, kama kitu chenye mwendo wa kasi na wa pole. Akaichukua draya ya nywele ya shangazi, akaichomeka kwenye inveta ya mezani, akasoma: tisini na nane. Juu, nusu, juu.

Draya ya nywele, alfajiri, kwenye nyumba ya mwanamume ambaye kichwani hana hata unywele mmoja wa kusingizia.

Fundi hakuwa mtu wa wivu wa bure. Lakini mchumba wake wa kwanza alimwapia miaka miwili, kumbe ana mke mtaa wa pili, na tangu hapo aliamini mita, si midomo. Jioni ile simu ilipolia alimwacha atoe asilimia zake, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asubuhi huwa unatumia nini?"

Mpima macho akacheka kidogo.

"Mimi? Chai tu. Kwa gesi, kama ulivyosema."

"Haya," alisema Fundi, akakata simu. Alikaa juu ya tairi kuukuu akalia, kwa hasira na kwa sababu alimpenda, na hakutaka kujidanganya kuhusu lolote kati ya hayo mawili.

Kwa siku nne hakupokea simu. Shangazi alivumilia tatu, ya nne akamuuliza kama amemkabili mwenyewe. Fundi akajibu kwamba mita imeshasema.

"Mita imekutajia na jina la huyo mwanamke?" aliuliza shangazi.

Swali hilo lilimkera siku nzima, na linalomkera Fundi huliendea. Kama ni kuachana, ataachana uso kwa uso, na kimita chake atakifungua arudi nacho. Akavaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa na viatu vyenye kisigino, kwa kuwa mwanamke anayekwenda kumwacha mtu haendi na ovaroli. Lakini sanduku la vifaa akalitia kwenye gari lake, mazoea hayana likizo. Alilala kwa mama yake mdogo, nusu saa kutoka uwanja wa shule alikoegesha mpima macho, na saa kumi na mbili na robo asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa lile gari-nyumba. Ndani draya ilikuwa inavuma.

Hakubisha hodi. Alifungua.

Mpima macho alikuwa amepiga magoti kwa singlendi, kichwa chote kimeingia kabatini, na mkononi ana draya ya rangi ya waridi iliyobandikwa vipepeo. Alikuwa anakausha ubao wa fyuzi. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Yuko wapi?"

Aliruka, akajigonga kipara kwenye rafu. "Nani?"

"Mwenye draya."

"Dada yangu? Yuko kwake. Anaitafuta, nadhani."

Fundi akainua macho. Juu ya kitanda, pale palipokuwa na dari, palikuwa na kioo cha mraba, na nyuma ya kioo mbingu ya asubuhi yenye mawingu mawili. Umande ulikuwa unapenya pembeni mwa kioo, ukitambaa kwenye ubao wa dari, ukidondoka tone kwa tone ndani ya kabati lake la fyuzi.

Maelezo yalitoka yakikanyagana. Alitaka kumshangaza. Alikata tundu mwenyewe, akaukosa waya wa Fundi kwa upana wa vidole viwili. Akakibandika kioo kwa gundi aliyoiamini na gundi ikamsaliti. Kila asubuhi maji yaliingia kabatini. Angemwambia, lakini kwanza alitaka kuliziba, ili siku akimleta pasiwe na tone hata moja.

"Umevunja masharti mawili," Fundi alisema. "Ungeungua humu ndani, Kipara. Maji, fyuzi na draya, kwa magoti. Na hata hilo silo lililoniuma. Nilikuuliza, ukaniambia chai."

Aliiweka draya chini. "Nilikudanganya. Nisamehe. Niliogopa utaona nimeharibu kazi yako."

"Mimi niliogopa una mwanamke." Akavuta pumzi. "Ilinipasa nikuulize hivyo hivyo, waziwazi, badala ya kukuchungulia kwa kimita. Hapo na mimi nisamehe. Sasa zima hiyo inveta, na uniletee ngazi."

Viatu vya kisigino vilibaki mlangoni. Gauni la kijani likapandishwa na kufungwa fundo gotini, na Fundi akapanda juu ya paa na kisu na mrija wa silikoni. Alibandua ile gundi ya aibu ukingo hadi ukingo, akakausha kwa kitambaa chake cha kichwani, akaziba upya kwa mkono usiotetereka. Chini, watu wa miwani walikwisha kuanza kupanga foleni. Bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza aliinua uso, akakodoa macho, akamuuliza mpima macho kama kile cha kijani huko juu ni mtu.

"Ni mtu, bibi."

"Wako?"

"Nataka kumuuliza sasa hivi."

"Basi nenda," alisema bibi. "Macho yangu yamesubiri miaka kumi, yatasubiri na hilo."

Fundi aliposhuka alimkuta amesimama mbele ya kabati, mlango uko wazi, penseli mkononi. Alikuwa amevaa shati, vifungo vimekosana na matundu yake.

"Fundi, naomba unipigie hesabu upya," alisema, akigusa pale juu palipoandikwa *Mtu mmoja*. "Ya watu wawili. Si ya wiki moja. Ya maisha. Ukubali kuwa mke wangu."

Fundi alijilaza kitandani na gauni lake lenye vumbi la paa, akatazama juu kupitia kile kioo. Mawingu yalikuwa yamesogea. Lilikuwa dirisha lililokatwa vibaya kuliko yote aliyopata kuona, na lilikuwa lake. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akacheka mwenyewe.

"Betri mbili hazitoshi," alisema.

"Zitatosha ngapi?"

"Tatu. Na sola moja zaidi, kama umebakiza paa la kuiweka. Na nikikuuliza kitu, unijibu kitu hicho hicho." Akanyoosha mkono akaipokea penseli, akakata neno *mmoja* na kuandika *wawili*, *mtu* akaigeuza *watu*, kisha akamfunga yule bwana vifungo vyake upya, kimoja kimoja, kwa kuwa kuna bibi anangoja.

Saa sita, jua likiwa utosini na mashine ya vioo ikisaga, shangazi alipiga simu. Hakusalimia. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mwenye draya amejulikana?

"Amejulikana," alisema Fundi. "Ni wifi yangu."