Boneti Ilikuwa na Joto

Boneti ilikuwa na joto.

Niliondoa mkono, nikaurudisha tena, maana moyo ulikataa kuamini kile ambacho kiganja kilikuwa kinaniambia.

Saa moja asubuhi, Ewuaso Kedong, baridi bado inauma masikio... na gari ambalo niliambiwa limelala pale tangu jana lina joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Nikamgeukia ndugu yangu wa tumbo moja, Ouma.

"Si umesema hii gari imelala hapa tangu jana?"

"Eeh, nyamera. Imelala hapa."

"Haijawashwa?"

Akaangalia viatu vyake.

"Haijawashwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba damu yangu mwenyewe imekuja kuniuza.

Ndugu zangu mnaosoma, kama hujawahi kununua gari la dizeli lililotumika, ngoja nikueleze kwa nini joto dogo hivyo lilinivunja moyo.

Naitwa Wilkister, ila wateja wananijua kama Mama Valerie. Mwaka huo, 2003, nilikuwa na kibanda Kitengela, lakini riziki yangu hasa ilikuwa kwenye minada. Bissil, Kiserian, Ewuaso Kedong. Nabeba mablanketi, shuka, sukari na viatu vya akala.

Nilikuwa nakodi magari ya watu, na nilikuwa nimechoka. Siku moja gari la kukodi lilinizimikia porini, Valerie ana miezi minane mgongoni, mvua inanyesha. Tulikaa pale kwa muda wa saa tisa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Nikaenda kwa Ouma, aliyekuwa na gereji yake Matasia. Nikamwambia:

"Sitaki gari la urembo. Nataka moja ambalo halitaniacha njiani."

Akacheka.

"Nipe mwezi mmoja, nyamera."

Nyamera kwa Kijaluo ni dada yangu. Hakuwahi kuniita jina lingine tangu utotoni.

Injini za dizeli tulifundishwa na baba. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa, Muhoroni. Alitufundisha wote wawili, mimi na Ouma, bila kujali kwamba mimi ni msichana. Na alikuwa na sheria moja:

"Dizeli hununuliwa ikiwa baridi. Ikishapata moto, hata injini iliyochoka inajifanya kijana. Ukikuta boneti ina joto, funga kibeti uende nyumbani."

Sheria ya baba. Na Ouma aliijua vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo lingine lazima niseme hapa, ingawa linaniuma.

Ouma alikuwa fundi asiyeendesha gari. Mwaka 1996 alikunywa, akashika usukani wa lori, baba akiwa kando yake. Lori likapinduka. Ouma alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Baba hakutoka.

Mama alimwapisha pale kaburini, mchanga ukiwa bado mbichi: "Hutashika usukani tena mpaka siku utakayonizika."

Pombe aliacha siku hiyo hiyo. Usukani hakuugusa miaka saba. Akitengeneza gari, lazima mtu mwingine ndiye aliendeshe. Vijana wa Matasia walimtania, eti fundi wa miguu. Hata mimi nilimtania.

Na nilisema nimemsamehe. Nilisema hata kanisani.

Sasa turudi pale kwenye boneti.

Mwenye gari hilo Ouma alilonitafutia alikuwa Mzee Katoo, mfugaji wa pale Ewuaso. Pickup yake ilikuwa ya kijani iliyopauka, mlango wa dereva umefungwa kwa waya. Alikuwa amesimama na fimbo yake, anasikiliza. Nikaona anafungua mdomo. Nikaona Ouma anamtazama. Mzee akafunga mdomo.

Nikajiambia, si hao, wameshapanga.

"Ouma, nani amewasha hii gari?"

Akaangalia tena viatu vyake.

"Nakuuliza! Ilikuwa mbovu mkaona muipashe kwanza ndio niingie mtegoni? Huyu mzee amekuahidi nini?"

"Nyamera, chukua hii gari. Nakuomba. Niamini tu."

"Nikuamini?"

Na hapo nikasema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha.

"Baba alikuamini. Yuko wapi?"

Ouma alifuta mikono kwenye ovaroli, na mikono yenyewe haikuwa michafu.

"Sawa," akasema.

Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, anasema sawa kama mtoto aliyenyimwa chakula. Nikamwacha amesimama hapo hapo, nikaondoka.

Wiki hiyo hiyo nikaingia yadi moja ya magari. Kijana wa pale, Lennox, amevaa tai, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Madam, kuja asubuhi kabisa. Shika bonnet mwenyewe."

Nikaenda asubuhi. Lilikuwa jipu kubwa la dizeli, rangi ya fedha, viti vinanukia sabuni. Nikashika boneti. Baridi kama jiwe la mtoni. Nikapiga ufunguo, likashika mara moja, bila moshi.

Nikalipa.

Jioni mume wangu Odero akalizunguka, akalisifu, kisha akauliza:

"Ouma ameiangalia?"

"Ouma hataangalia kitu changu tena."

Miezi minne ya kwanza lilikuwa gari. Baadaye likaanza tabia. Barabara tambarare halina shida, lakini likibeba mzigo na kuona mlima, linachemka. Maji yanaisha kwenye rejeta na huoni yanamwagikia wapi. Mafundi wawili walifungua injini kwa nyakati tofauti, wakafunga, wakasema limepona.

Mara mbili Ouma alimtuma mkewe, Beverlyne.

"Anasema amesikia inachemka, usipande nayo mlima na mzigo. Anasema umpelekee aiangalie, hata kama hutaki kuongea naye. Umwachie tu ufunguo kwa mlinzi wa gereji."

Sikupeleka. Kiburi, wapendwa, ni kitu kibaya sana.

Krismasi tulikutana kwa mama. Tulikaa meza moja, tukapitishiana chumvi bila kutazamana.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Agosti 2005, siku ya mnada, niko Ewuaso Kedong napanga mablanketi. Simu ikalia. Ni Beverlyne.

"Mama Valerie... jeki imeteleza."

"Jeki gani?"

"Gari imemwangukia Ouma kifuani. Tuko hospitali, hapa Ngong. Anakuita. Kuja haraka."

"Anaongea?"

"Anaongea kidogo. Anauliza kama umetoka."

Sikufunga hata bidhaa. Nilimwambia jirani yangu wa mnadani, Jacinta, aniangalizie, nikaruka kwenye jipu.

Kutoka Ewuaso kwenda Ngong, lazima upande. Ni mlima mrefu, mawe, kona baada ya kona. Mimi mwenyewe huwa naupanda polepole, nasimama mara mbili kulipumzisha jipu.

Siku hiyo sikusimama.

Sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikasema, baba, saidia. Ikaingia kwenye alama nyekundu. Nikasema, Mungu, saidia. Kona ya tatu mvuke ukafunika kioo chote, kitu kikagonga ndani ya injini... na likazima.

Nilipiga ufunguo mpaka betri ikaisha. Nilimwaga maji yote niliyokuwa nayo. Nilipiga teke ile boneti ya fedha, nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kama Valerie siku ile ya mvua.

Simu haikuwa na mtandao. Barabara haikuwa na mtu.

Sijui ilipita nusu saa au zaidi. Nikasikia injini kule chini. Inapanda polepole, bila haraka, bila kukatika. Ikatokea kwenye kona.

Kijani iliyopauka. Mlango wa dereva una waya.

Mzee Katoo akasimamisha.

"Takwenya, mama."

"Iko," nikajibu kwa Kimaasai. Nashangaa hata salamu ilitoka wapi.

"Imekufa?"

"Imekufa, mzee. Na ndugu yangu yuko hospitali Ngong."

"Ouma?"

"Ouma."

Hakuuliza lingine. Nyuma alikuwa amejaza nguzo za ua na mbuzi wawili. Akafungua mlango wa upande wangu.

"Panda."

Ile pickup ikashika mlima na mzigo wake wote. Nikatazama sindano ya joto. Ilikuwa katikati, imetulia kabisa.

"Inapanda vizuri," nikasema.

"Ouma alijua," akajibu. "Si ndio alipanda nayo hapa ile siku?"

"Siku gani?"

"Ile ulimtukana kwangu."

"Mzee, Ouma haendeshagi gari."

Katoo akabadilisha gia, akamaliza kona kwanza.

"Mama, alilala kwangu. Saa kumi na moja asubuhi akaniamsha. Gari ilikuwa baridi kabisa, akaiwasha mara moja tu, ikashika. Akasema, baba angefurahi. Halafu akapakia mawe nyuma, mpaka tairi ikalala. Nikamwambia, mimi nitaendesha, wewe kaa usikilize. Akakataa. Akasema, gari ya dada yangu lazima niisikie na mguu yangu mwenyewe."

Mimi natazama mbele. Sioni barabara.

"Alishika usukani, mama, kama mtu ameshika nyoka. Alipanda huu mlima mara tatu. Ya tatu akashuka, akatapika hapo kwa hiyo jiwe." Akaonyesha kwa kidevu. "Halafu akacheka. Akasema, hii haitamwacha njiani."

"Kwa nini hukuniambia? Mzee, ulikuwa umesimama pale!"

"Alinikataza na macho. Ulipoenda, nikamuuliza. Akasema, afadhali dada aniite mwizi, kuliko mama asikie nimeshika usukani. Sasa mimi ni nani, niingie katikati ya watoto wa mama mmoja?"

Nilimwambia aongeze mwendo. Akaongeza, na pickup haikukataa.

Tulipofika hospitali, Beverlyne alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi.

"Amekungoja," akasema.

"Yuko wapi?"

Alinishika kiwiko akaniingiza.

Ouma alikuwa amelala chali, shuka limefika shingoni, oili bado iko kwenye kucha. Niliweka mkono kifuani pake. Kiganja kile kile.

Alikuwa bado na joto.

Baba alitufundisha kupima. Joto la namna hiyo maana yake injini imezimwa muda si mrefu. Dakika kumi. Labda kumi na tano. Nilijua bila kuambiwa na daktari, na nikatamani mkono wangu usingejua kusoma chochote.

"Nyamera amefika," nikamwambia. "Omera, ndugu yangu, nimefika."

Nilikaa nimeweka mkono pale mpaka joto likaisha.

Mzee Katoo ndiye aliyembeba mpaka Muhoroni, kwa ile pickup, jeneza nyuma na sisi tumelizunguka. Safari ya siku nzima. Haikuchemka na haikuzima, hata mara moja.

Tulipomaliza mazishi nilikaa na mama mlangoni. Niliona siwezi kuibeba ile siri peke yangu. Nikamwambia yote. Boneti, mawe, mlima, maneno niliyomtupia Ouma.

Nilingoja anilaani. Au amlaani marehemu kwa kuvunja kiapo.

Mama aliokota kijiti, akakivunja vipande vipande.

"Alipanda vizuri?" akauliza.

"Mara tatu, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akajifunika uso kwa leso.

Ndugu zangu, nimeandika haya kwa sababu najua kuna mtu anasoma na ana ndugu ambaye hajaongea naye mwaka wa pili sasa. Labda una ushahidi. Mimi pia nilikuwa na ushahidi, niliushika kwa mkono wangu, na ulikuwa wa kweli. Boneti ilikuwa na joto kweli.

Ukienda kununua dizeli, sheria ya baba bado ni nzuri. Enda asubuhi, shika boneti kabla hujashika ufunguo. Halafu fanya na ya Ouma: weka mzigo, panda mlima, ndipo utalijua gari.

Na ukikuta joto, uliza nani ameiwasha na kwa nini. Mimi niliuliza. Kosa langu ni kwamba nilijijibu mwenyewe kabla ndugu yangu hajafungua mdomo.

Nilitafuta gari lisiloniacha njiani, na njiani ndipo nilipomwacha yeye.