Kadi ya Kitanda cha Kumi na Saba

Jumatatu mchana trei arobaini zilipanda wodini kwa lifti ndogo ya chakula. Zikarudi arobaini na moja.

Mwanafunzi wa lishe alihesabu mara mbili. Ilikuwa siku ya kwanza ya wiki aliyopangiwa jikoni na kantini ya hospitali, na hakutaka kuanza kwa kosa la hesabu. Trei ya ziada ilikuwa na sahani iliyolambwa hadi ikang'aa, na kijiko cha chuma chenye alama za meno zilizozama, kana kwamba mtu ameuma nta. Alimwonyesha mama wa kuosha vyombo, ambaye jiko zima lilimwita Shangazi. Shangazi alikitazama kijiko, akakitupa kwenye pipa, akaendelea kusugua. Alisema tu kwamba huko juu kuna watu wa kila aina.

Ukutani, kando ya lifti, kulikuwa na ubao wa kadi, kadi moja kwa kila kitanda. Nyeupe ilikuwa chakula cha kawaida, ya kijani chakula kisicho na chumvi. Nyekundu ilikuwa ya mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, asiyetakiwa kupewa kitu mdomoni, na hiyo iligeuzwa uso ukutani ili mpakuaji asije akajisahau. Msimamizi wa jiko ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, baada ya mgonjwa mmoja zamani kupewa wali saa moja kabla ya kisu. Mwanafunzi aliiona kuwa desturi nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri.

Jumanne alipanda wodini kupima mabaki ya sahani. Kitanda cha kumi na saba hakikuwa na sahani. Alilala hapo fundi cherehani mzee, dripu mkononi, na bango jekundu juu ya kichwa chake. Alisema hajala tangu Jumapili jioni. Bintiye alikuja na uji kwenye chupa ya chai akafukuzwa nao.

"Binti," alimwambia mwanafunzi, "mimi nilikuja kutolewa uvimbe. Naona mmeamua kunitoa mimi, kidogo kidogo, uvimbe ubaki."

Mzee alicheka, mwanafunzi naye akacheka, lakini aliposhuka ngazi alikuwa tayari amekasirika, kwa sababu alikuwa ameelewa. Trei za mwisho hutoka jikoni saa kumi jioni. Chumba cha upasuaji hutangaza walioahirishwa saa kumi na moja. Anayeahirishwa hukuta jiko limefungwa, na alfajiri kadi nyekundu inamsubiri tena.

Alikuwa ameshuka na harufu pia, harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Darasani walifundishwa kuwa hiyo ni pumzi ya mwili ulioanza kujila. Alidhani imemganda kutoka kwa mzee. Lakini mbele ya lifti ya chakula, mzee akiwa ghorofa mbili juu, ilikuwa kali zaidi.

Alimwomba msimamizi apige simu wodini ili mzee apewe chakula. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo, miguu imevimba kwa miaka ya kusimama, na hakuwa mkatili.

"Mwanangu, nikimlisha mwenye kadi nyekundu, akatapika akiwa amelazwa usingizi, matapishi yakaingia mapafuni, atakayeulizwa ni mimi. Wodi ndiyo hubadilisha kadi."

Mwanafunzi alipouliza, wodi ilisema ni leo, anapasuliwa leo. Jioni ikasema kesho.

Jumatano saa saba kantini ilijaa kama kawaida, na watu walikula wasishibe. Daktari mmoja kijana alirudi kwenye foleni mara ya tatu akagombana na muuguzi aliyekuwa mbele yake, wakatukanana matusi ambayo hayatamkwi mbele ya wazazi. Msukuma vitanda, ambaye siku zote mbili alikuwa akimtania mwanafunzi kwamba na wembamba ule atamlisha nani, alimaliza sahani ya nne akaanza kulia, mkono tumboni, akisema hajui ana nini. Kisha kelele zikakatika zote pamoja, na ndani ya lifti iliyokuwa imefungwa na isiyo na kitu, wote wakasikia kijiko kikikwangua sahani tupu, polepole, kikizunguka ukingo, kikirudi katikati, kikizunguka tena.

Shangazi alimvuta mwanafunzi stoo, nyuma ya magunia ya mchele, akaongea kwa kunong'ona. Miezi mitatu iliyopita kitanda cha kumi na saba kililaliwa na mwanamke. Aliahirishwa siku nne. Aliomba chakula kwa upole, halafu kwa matusi, wakamwandika kuwa mgomvi. Siku ya tano alikutwa amekufa, kona ya shuka imo mdomoni, imetafunwa. Kadi yake ilikaa ukutani wiki nzima imegeuka, hakuna aliyejua kuwa mwenyewe hayupo.

"Na nyinyi mlijua?" mwanafunzi aliuliza.

"Tulijua kadi," Shangazi alisema. "Mtu hatukumjua."

Alhamisi Shangazi alimleta shemeji yake, mganga, akamwingiza kwa mlango wa kupokelea mboga. Mganga alifukiza ubani mbele ya lifti, akasoma dua kitabuni, akaamuru kilichomo kitoke. Kilichojibu kilianza kwa sauti ya mwanamke aliyekauka koo, ikiuliza kwa adabu kama leo atakula, na kabla mganga hajavuta pumzi ikajijibu kwa sauti nyingine, ya muuguzi kijana, "Subiri kidogo, dada," kisha ya mwanamume mchangamfu, "Subiri kidogo, mama, daktari anakuja," kisha ya mwingine, na mwingine, sauti kumi, ishirini, zote zikisema subiri kidogo, zikipandana kama mvuke wa masufuria, mpaka ikatoka moja ambayo kila mtu jikoni aliitambua, na msimamizi akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, kwa kuwa ilikuwa yake na hakuwa ameufungua.

Mganga alifunga kitabu chake.

"Mtu akifa na njaa namna hii, jini huingia kwenye njaa hiyo kama anavyoingia nyumba iliyoachwa wazi," alisema. "Hili siwezi kulitoa. Hasira zake ni za haki, na za haki hazifukuziki. Nani analala kwenye kitanda chake sasa?"

Mwanafunzi alivua aproni, akapanda juu, akakuta mzee ameacha kutania. Wodi ikasema kesho, bila shaka.

Ijumaa asubuhi hakuingia jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la karani wa upasuaji, akasimama. Aliambiwa asubiri kidogo. Akasema hasubiri, kwa sauti iliyofanya watu wa korido nzima wageuke, naye mwenyewe akashangaa ilikotoka. Karani alipekua orodha huku akitafuna biskuti. Fundi cherehani hakuwemo. Alifutwa Jumatatu, mashine ya usingizi ilipoharibika, na hakurudishwa.

"Tulidhani wodi wanajua," karani alisema, akapangusa makombo.

Karani alikuwa na majina sitini, mashine moja mbovu na simu moja. Mwanafunzi aliyaona yote hayo, hasira isipungue, akaichukua orodha akapanda nayo wodini.

Muuguzi wa wodi alisoma orodha, akakaa chini, akasaini kadi nyeupe. Msimamizi aliiondoa ile nyekundu ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi aliagiza uji mwepesi, nusu kikombe, kwa kuwa mwili uliokaa njaa siku tano ukijazwa ghafla moyo unaweza kusimama. Lakini lifti ilipofunguka wodini, kando ya kikombe ilikuwepo trei ambayo hakuna aliyeipakua, wali umerundikwa hadi kumwagika, nyama, maharage, mvuke ukifuka, na ile harufu ya tunda bovu ikaijaza wodi, na mikono ya mwanafunzi ikainyanyua trei, ikaibeba, ikaiweka mapajani mwa mzee, kwa sababu hasira za yule mwingine na hasira zake zilikuwa zimefanana kiasi kwamba hakujua tena zipi ni zake, na zote zilisema mpe, mpe yote, amengoja vya kutosha.

Mzee alizamisha vidole kwenye wali. Mwanafunzi aliukamata mkono wake ukiwa umefika kidevuni, akaitupa trei sakafuni.

"Nawe pia?" mzee alisema, na machozi yakamtoka.

"Subiri kidogo, baba."

Alijisikia akilisema neno lile. Wodi ikawa baridi. Karibu na sikio lake, pumzi ikamgusa shingo, sauti iliyokauka ikauliza, "Hadi lini?"

Hakugeuka.

"Sasa hivi nusu kikombe," alisema, meno yakigongana. "Saa nane kamili nusu nyingine. Saa kumi nyingine. Nakaa hapa hapa, sitoki."

Kiti cha wageni, upande wa pili wa kitanda, kililia na mto wake ukabonyea. Wakakaa hivyo watatu. Mzee alikunywa kwa kijiko, akalala, akaamka. Mapigo yake yalitulia. Saa nane kamili mwanafunzi alipoinua kikombe cha pili, kiti kililia tena na mto ukainuka. Nyayo za miguu mitupu zikapita mwisho wa kitanda, bila haraka, zikatoka mlangoni, zikafika njia panda ya korido. Upande mmoja ulikuwa na ngazi na lango la kutokea. Zikapinda upande wa pili, kwenye dirisha la karani.

Simu ya kumpigia karani ilikuwa ukutani, hatua tatu tu. Mwanafunzi aliitazama. Kisha akachota kijiko kingine, akakipuliza, akamwambia mzee afungue mdomo.