Mbebaji wa Ngazi ya Saba

Mbebaji alishuka kutoka darini bila kelele, akiteleza kwenye reli yake. Hakuwa na kichwa wala uso. Alikuwa mikono miwili mirefu iliyovikwa ngozi-joto, na kifua cha mpira cha kumwegemeza mgeni. Alimgusa Shemsa begani mara tatu, akapitisha mkono wa kushoto chini ya magoti yake, akamwinua kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

Harusi ya Shemsa ilikuwa ifungwe Jumamosi. Tangu miguu yake ife katika ajali ya treni-hewa miaka minane nyuma, spa tatu za Tanga zilikuwa zimemfukuza kistaarabu. Ya kwanza ilikuwa na milango myembamba kuliko kiti chake. Ya pili ilikuwa ghorofani, na lifti imekufa siku nyingi. Ya tatu ilimwambia karibu sana, bibie, lakini uje na watu wa kukubeba. Naye alitaka jambo dogo tu: asingwe singo, asuguliwe manukato mwili mzima kama bibi harusi yeyote, kisha akae kwenye maji ya chemchemi moto mpaka vidole vikunjamane. Hapa, kwenye spa ya nne, palikuwa na ngazi kumi na nne za mawe za kuteremkia bwawani, lakini palikuwa na Mbebaji.

Kwenye ngazi ya saba, Mbebaji alisimama. Aliegemea kulia kidogo, akatulia kwa muda wa pumzi tatu. Kisha akamsukumia Shemsa juu kidogo, kama mwanamke anayempandisha mtoto nyongani, akaendelea kuteremka.

Mikono hiyo Shemsa aliijua.

Shangazi Nunuu alimbeba hivyo hivyo kila jioni kwa miaka minne, kutoka kitandani hadi bafuni: mara tatu begani, kushoto chini ya magoti, halafu kusimama katikati ya ukumbi akiegemea kulia. “Tulia nikupime,” alikuwa akisema. “Mahari yako nitaitaja kwa kilo.” Shemsa alikuwa akicheka. Shangazi alifariki miaka mitatu iliyopita, baada ya mgongo kumlaza miezi minane. Sikuzote alisema kazi yake ni hotelini, kukunja taulo.

Alipokwisha kuwekwa majini, Shemsa alimwita fundi wa mitambo, msichana mpole aitwaye Saumu.

“Mdogo wangu, huyu alifundishwa na nani?”

“Ah, dada, ya zamani hayo. Alikuwepo mama mmoja akiwateremsha wageni wasiojiweza kwa mikono yake. Wakamvisha vazi-nakili, lile linalorekodi kila msuli. Miaka miwili alilivaa. Mashine ikajifunza kila kitu.”

“Na kule kusimama?”

Saumu alicheka kwa aibu. “Tulidhani ni mambo ya usalama. Ukipekua kumbukumbu unakuta misuli ya mgongo inakaza yote kwa pamoja, pale pale ngazi ya saba. Wageni wanalalamika wanacheleweshwa. Kesho tunaikata hiyo.”

Shemsa alizama mpaka kidevuni. Maji yalikuwa matamu, na utamu wenyewe ulimuuma. Shangazi hakuwa akipima uzito wa mtu. Alikuwa akisubiri maumivu yapite ili asimwangushe, na mzaha ulikuwa wa kuficha sauti yake. Mchana wageni, jioni yeye. Na yeye alicheka miaka yote minne.

“Kwa nini hamkujenga mteremko?” aliuliza. Alikuwa mhandisi, kwa jicho tu aliona nafasi ipo kando ya ukuta, kazi ya saruji ya wiki mbili.

“Walisema wa nini, na yule mama yupo. Kisha wakasema wa nini, na Mbebaji yupo.”

Shemsa aling'ang'ania ukingo, akajivuta atoke mwenyewe. Viwiko viliteleza, akameza maji, akarudi chini. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Hapakuwa na njia nyingine ya kutoka.

“Jengeni mteremko, mdogo wangu,” alisema akihema. “Kisha mumwache apumzike.”

Saumu hakuelewa. Alibonyeza kitufe, na ile mikono ikashuka.

Kwenye ngazi ya saba Mbebaji alisimama, akaegemea kulia. Shemsa alikikumbatia kile kifua cha mpira, akasema maneno ambayo jioni zote zile hakuwahi kuyasema.

“Pole na kazi, shangazi.”

Mbebaji hakuwa na masikio. Zilipokwisha pumzi tatu, aliendelea kupanda naye.