Kivuli Kisichoombwa

Enzi zile mfalme wa bara katika kisiwa cha Java alipofura kwa hasira dhidi ya wageni waliojenga ngome ya mawe kwenye pwani ya kaskazini, hapakuwa na kijiji kilicholala usingizi wa raha. Vita ni vya wakubwa, lakini wanaovilisha ni wakulima. Karangwuni, kijiji cha majaruba kilichokaa ubavuni mwa mlima wa moto, kilikwisha kutoa nusu ya mpunga wake, na wanaume wa kuubeba kwa mizegazega mabegani hadi pwani. Mpunga uliliwa. Wanaume wengi hawakurudi, na mmoja wao alikuwa Tirta, mume wa Mbok Rantam.

Mbok maana yake mama, na ndivyo kijiji kizima kilivyomwita, ingawa hakujaliwa mtoto. Yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wakati wa mavuno. Huko Java mpunga haukufyekwa kwa mundu. Mwanamke alificha kijisu kidogo kiganjani, akakata suke mojamoja kwa upole, ili Dewi Sri, bibi wa mpunga, asishtuke akaondoka na baraka zake. Masuke bora ya mwanzo yalifungwa kwa ukili mwekundu, yakawekwa juu kabisa ghalani. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbegu. Hata mwaka wa njaa watu waliona heri kuchimba mizizi ya porini kuliko kuyagusa.

Basi ni hayo hasa aliyoyataka Tumenggung Sasrawuni, mkuu wa wilaya. Watu wake walikuja mchana kweupe na mikuki yao, wakavunja mlango wa ghala. Mkuu wa kijiji alisimama kando akitazama vidole vya miguu yake. Mbok Rantam peke yake alijitupa kizingitini.

"Nusu yenu mlishachukua," alisema. "Hii ni mbegu. Mkila hii, mwakani tutapanda nini? Meno yetu?"

"Jeshi lina njaa, mama. Pisha."

"Jeshi lilipita hapa mwezi uliopita, na lilikuwa limeshiba. Mwenye njaa ni bwana wenu!"

Walimsukuma kwa mpini wa mkuki, wakazoa mafungu yote mpaka la mwisho. Jioni ile wanakijiji walikusanyika kwenye ghala tupu. Wengine walishauri kuhamia msituni, kwa kuwa mawingu yalikwisha kuanza kujazana mlimani, na mvua ya kwanza ikianguka pasipo miche kitaluni, kijiji kimekufa.

"Hatuhami," alisema Mbok Rantam kwa ghadhabu. "Tutakwenda kukaa juani."

Ilikuwa desturi ya kale ya nchi ile: mnyonge aliyedhulumiwa na mkubwa aliweza kwenda mji wa mfalme, amevaa nguo nyeupe, bila silaha wala kilemba, akaketi katikati ya uwanja wa kasri jua likimwakia, mpaka mfalme amwone na kumuuliza shida yake. Lakini desturi ilikuwa na masharti. Anayeinuka amejifutia shauri. Anayekimbilia kivuli amejifutia shauri. Na anayesema uongo akiwa ndani ya nguo ile nyeupe, shauri lake lamrudia yeye na wenziwe wote.

"Na Tumenggung akituzuia njiani?" aliuliza Painem, wifi yake, dada wa marehemu Tirta.

"Atuzuie. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nimeshanyongwa, Painem. Sasa naidai haki yangu."

Wakaondoka, wanaume kwa wanawake. Darajani walikuta mikuki ya Tumenggung ikiwangoja, wakageuka wakashuka bondeni, wakavuka mto wenye maji makali wakiwa wameshika mikia ya nyati wao wa kulimia, nguo nyeupe wamezifunga vichwani zisilowe. Mzee mmoja aliponyokwa na mkia, akapigwa na maji huku na huku, na Mbok Rantam akamkamata nywele na kumburuta hadi ukingoni. Mzee alitapika maji, akatukana ukoo mzima wa Sasrawuni, kisha akaomba msamaha kwa matusi yake na kuendelea na safari.

Walipofika mji wa mfalme, walivaa nguo zao nyeupe wakaingia uwanjani wakitambaa, kama adabu ilivyotaka. Katikati ya uwanja palikuwa na mikuyu miwili mikubwa iliyozungushiwa uzio, na kila mkuyu ulimwaga kivuli kipana. Wao waliketi katikati, kwenye mchanga mtupu. Jua la Java halina mswalie mtume. Kufika adhuhuri midomo ilikwisha kupasuka, na mzee wa mtoni alikuwa ameegemezwa begani mwa mwenzake asije akaanguka.

Mfalme hakutokea siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu alitoka kukaa kwenye baraza yake ya juu, na hapo ndipo Tumenggung Sasrawuni alipoingia uwanjani, mwenye joho la hariri na jambia la mpini wa pembe kiunoni, akitabasamu. Nyuma yake alikuja mtumishi aliyebeba mwavuli wake mkubwa wenye pindo la dhahabu.

"Poleni, watu wangu," alisema kwa sauti tamu. "Nani amewaacha mkaungua hivi? Mfunike mama huyu."

Wanakijiji waliguta kwa hofu. Katika nchi ile cheo cha mtu kilisomwa juu ya kichwa chake. Mwavuli wa pindo la dhahabu haukumfunika mtu wa chini, na mtu wa chini aliyeketi chini yake alihesabiwa kuwa amejitwalia ukuu usio wake. Tumenggung yule hakuja na fimbo. Alikuja na huruma, na huruma yake ilikuwa chafu kuliko fimbo.

Mwavuli ulishuka, ubaridi ukamgusa Mbok Rantam kisogoni. Mwili wake, ulioungua siku tatu, uliutaka ubaridi ule kwa kila mshipa. Akausemesha mwili wake neno moja kali, akasota mbele mpaka akarudi juani. Mtumishi akamfuata. Akasota tena kushoto, mwavuli nao ukaja kushoto.

"Nisamehe, mama," alinong'ona mtumishi, jasho likimtiririka. "Nimetumwa."

"Mjumbe hauawi, ndugu yangu. Lakini usinikaribie."

Basi ukaanza mchezo wa aibu. Mwanamke wa makamo alisota mchangani, magoti yakimchubuka, na mwavuli wa mkubwa ukimkimbiza uwanja mzima. Mwanzoni watu wa mjini walicheka. Walipoona mchanga nyuma yake una damu, walinyamaza. Ukimya ule ndio uliomfanya mfalme ageuze uso.

"Mwavuli ule unazurura na nani?" aliuliza.

Mbok Rantam akaletwa chini ya ngazi za baraza. Akainamisha kichwa, akaunganisha viganja mbele ya uso.

"Mwavuli ni wa Tumenggung, Bwana wangu. Kivuli ni chake, jua ni letu."

"Nena shida yako."

"Tulitoa nusu ya mpunga kwa vita vyako, hatukunung'unika. Tulitoa waume zetu, hatukunung'unika, ingawa tulilia. Kisha akaja yeye, akachukua mbegu. Amesema ni ya jeshi. Mbegu ya Karangwuni hufungwa kwa ukili mwekundu, Bwana wangu. Tuma mtu akaitafute jeshini, na mwingine akaitafute nyumbani kwake."

Mfalme akatuma watu. Waliokwenda kambini walirudi mikono mitupu. Waliokwenda kwenye jumba la Sasrawuni hapo hapo mjini walirudi na mafungu ya mpunga, ukili mwekundu ukining'inia. Baraza nzima ikaguna. Uso wa Tumenggung uligeuka rangi ya majivu, lakini ulimi wake ulikuwa bado hai.

"Bwana wangu, nimekosa," alisema. "Lakini sheria ni sheria. Mwanamke huyu ameketi chini ya mwavuli wa dhahabu. Aulizwe, amevaa nguo nyeupe."

Mfalme akamgeukia Mbok Rantam, akauliza, "Kivuli kilikugusa?"

Neno moja la hapana lingetosha. Lakini walikuwapo mamia walioona, na uongo mmoja ungeirudisha mbegu ile kwa mwizi. Mbok Rantam aliwatazama watu wake, akayatazama na yale mafungu.

"Kilinigusa," alijibu. "Sikukiomba."

Hukumu ikatolewa. Mbegu irudi Karangwuni yote. Tumenggung Sasrawuni asitumie mwavuli wake kwa mwezi mmoja. Na Rantam, mjane wa Tirta, afukuzwe ng'ambo ya mto wa mashariki, asikanyage tena ardhi ya kijiji chake aushi. Sheria ile ile iliyolala ghala likivunjwa iliamka ghafla kuona kivuli! Mwizi wa mwaka mzima wa watu akapewa mwezi wa jua, na aliyeibiwa akapewa ugeni wa maisha.

Waandishi wa kasri waliandika kwamba mwaka ule mfalme, kwa rehema zake, aliwapa watu wa mlimani mbegu. Aliwapa! Kana kwamba mtu hupewa kilicho chake. Jina la Rantam hawakuliandika.

Wanakijiji walimsindikiza mpaka ukingoni mwa mto wa mashariki, mizegazega imejaa mabegani. Painem alimng'ang'ania kiunoni akilia kwa sauti, akisema bora mbegu ioze, bora waende naye wote. Mbok Rantam alimbandua mikono kwa upole, naye machozi yakimshuka. Mbali mlimani, radi ikanguruma.

"Mvua hiyo inakuja," alisema, akiingia majini. "Mnangoja nini? Nendeni mkapande."