Mwanafunzi wa Mzee Polepole

Hebu tulia kidogo, uione picha hii. Uwanja mtupu wa kujifunzia kuendesha gari, jua la utosini, koni za plastiki zimepangwa kwa mistari na vivuli vyake vimejificha chini yake. Pembeni kimeegeshwa kigari cha manjano chenye kibao cha L juu ya paa. Nyuma kimeandikwa kwa rangi nyeusi: MWENDA POLE HAJIKWAI. Ndani, kwenye kiti cha mwalimu, amekaa mzee mwembamba, kofia imemfunika macho. Anamsubiri mwanafunzi mpya aliyechelewa.

Huyo ndiye Mzee Polepole. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, waliodai kwamba hata kobe humpigia honi apishe njia. Alikuwa na mazoea yake. Hakumtazama kwanza mwanafunzi mpya, alimsikiliza. Alisema mguu wa mtu kwenye klachi husema kweli kuliko uso wake. Akikosea, haidhuru, kwa maana miguuni pa mzee palikuwa na breki ya pili, breki ya mwalimu.

Mlango ukafunguliwa. Kiti cha dereva kikalia, kama kimekaliwa na mtu mzito. Mkanda ukavutwa, ukaingia mahali pake: tak.

“Shikamoo, mwalimu,” ikasema sauti ndogo, yenye adabu.

“Marahaba,” mzee akajibu bila kuondoa kofia. “Umechelewa, lakini si neno. Washa, twende.”

Gari likawaka. Klachi ikaachiwa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mzee akatabasamu chini ya kofia yake. Huyu alikuwa na mguu mzuri. Kilichomkera ni harufu tu. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, na ndani yake harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

“Umetoka kuunguza nini, mwanangu?”

Gari likatoka uwanjani. Likaingia barabarani, likaongeza mwendo.

“Punguza.”

Likaongeza.

“Nimesema punguza! Mbele kuna shule!”

Akaitupa kofia. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Usukani ulijizungusha wenyewe, na mkanda ulikuwa umefungwa juu ya hewa, umetuna kana kwamba umekumbatia kifua kipana, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayepumua. Mzee akaikanyaga breki yake kwa miguu yote miwili, na breki ikamsukuma kutoka chini, kama kwamba mguu mwingine ulikuwa upande wa pili wa sakafu, ikamrudisha kwa nguvu hadi goti likampiga kidevu na akaionja damu, na alipoinua kichwa akaona mbwa katikati ya barabara, akaona macho ya mbwa, kisha boneti ikapiga, mfupa ukalia, na kioo chote cha mbele kikawa chekundu. Waipa zikaanza kufuta. Hakuna aliyeziwasha.

“Mwalimu,” ikauliza ile sauti, “nimekosea wapi?”

Mbele, askari wa barabarani akaruka kutoka kivulini, tochi ya kupimia mwendo mkononi. Gari likawasha taa ya kuashiria, likajongea pembeni, likasimama kwa upole. Tak. Mkanda ukajifungua.

Askari alikuwa mnene, mcheshi, na alimjua mzee kama wote walivyomjua. Akainama dirishani, akamwona kwenye kiti cha mwalimu, akaangua kicheko.

“Mzee Polepole! Leo umekuwa Mzee Mbiombio? Tena umerukia kiti cha pili ukidhani mimi kipofu?”

“Afande, sikuwa mimi.”

“Ni nani basi? Shetani?” Akaigeuza tochi ili mzee aone tarakimu. Mwendo ule hata magari ya wagonjwa hayaendi. “Na damu hii? Haya, kosa nakuandikia. Ukitaka kubisha, kabishe mahakamani.”

Kwa dereva wa kawaida, hiyo ingekuwa faini na aibu ya siku mbili. Kwa mwalimu wa udereva ilikuwa kifo. Mwalimu aliyepatikana na kosa la mwendo kasi hufutiwa kibali cha kufundisha, naye mzee alikuwa akikitunza kibali kile kwa ajili ya binti yake. Binti alikuwa amebakiza mtihani wa ualimu tu. Akifaulu, gari na wanafunzi vingekuwa vyake, na baba angepumzisha miguu. Kibali cha baba kikifutwa, cha mtoto hakitoki.

Jioni binti alikuwa akiosha boneti kwa ndoo, mama yake amesimama mlangoni, mikono kifuani.

“Baba, sema ukweli tu,” binti akasema.

“Ukweli gani, mwanangu? Nimwambie hakimu kwamba kiti kitupu kiliendesha?”

“Basi lipa faini, yaishe,” mke wake akasema kwa sauti ya chini. “Mume wangu, mimi lile gari silipendi tena. Nimelikaribia, limenusa.”

“Linanuka, unataka kusema.”

“Najua ninachosema. Limeninusa.”

Mzee hakulala. Kulipopambazuka alikuwa ameshapata uongo wake, na ulikuwa uongo mdogo, safi, usiomdhuru mtu. Angesema palikuwa na mwanafunzi, akaogopa, akakimbia kabla askari hajafika dirishani.

Mahakamani hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeshuka puani. Alimsikiliza askari hadi mwisho, kisha akamgeukia mzee.

“Unasema aliyeendesha si wewe.”

“Si mimi, mheshimiwa.”

“Ni nani?”

Mzee akamtazama binti yake, aliyekaa benchi la nyuma na mama yake. Binti alikuwa akitikisa kichwa, polepole, kumkataza.

“Mwanafunzi wangu,” akasema. “Naapa. Ni mwanafunzi wangu.”

“Basi na aitwe.”

Karani akaenda mlangoni, akapaza sauti kwenye ukumbi, kama wanavyoita mashahidi kila siku: “Mwanafunzi wa Mzee Polepole! Mwanafunzi wa Mzee Polepole!”

Watu wakageuza shingo. Mlango, uliokuwa wazi nusu, ukafunguka hadi mwisho wake. Hakuingia mtu. Iliingia harufu ya nywele zilizoungua, na mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akasogeza miguu yake, kama unavyosogeza kumpisha anayepita. Benchi tupu lililo nyuma ya mzee likalia.

“Hayupo,” karani akasema.

Hakimu akaandika kidogo. Akamuuliza askari kama alimwona mzee kwenye usukani kwa macho yake. Askari akajikuna shingo, akakiri: la, alimkuta kwenye kiti cha mwalimu. Hakimu akalifuta shauri.

Nje, uani, binti alimkumbatia baba yake. Askari akawapita, kofia kwapani.

“Leo umenishinda, mzee. Lakini barabara ni ile ile, na mimi nipo pale pale. Huyo mwanafunzi wako nitampata tu.”

Kigari cha manjano kilikuwa kimeegeshwa upande wa pili wa ua, funguo zake mfukoni mwa mzee. Kikawaka.

Kilifanya kila kitu kama kinavyofundishwa. Kioo cha pembeni kikajigeuza kidogo, kutazama nyuma. Taa ya kuashiria ikaanza kupepesa. Gia ikaingia bila kukwaruza, na gari likarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, likaongeza, likaongeza tena, likambana askari kwenye ukuta wa mahakama kwa kishindo kilichofanya kunguru wote waruke kutoka kwenye paa, na askari hakupiga kelele, kwani pumzi yote ilikuwa imemtoka. Alilala kifudifudi juu ya buti ya gari kama mtu aliyechoka, na miguu yake, chini ya bampa, haikuwa tena na umbo la miguu. Gari likasogea mbele, taratibu. Likatazama vioo. Likarudi tena.

Katikati ya mayowe ya watu, mzee aliisikia ile sauti karibu kabisa na sikio lake.

“Mwalimu, kurudi nyuma nimefanya sawa?”

Askari alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Wenzake walisema breki ya mkono haikuvutwa. Wakalikokota gari hadi kituoni, wakalifunga kwa mnyororo, wakamwambia mzee arudi kesho kuandikisha maelezo. Asubuhi, mke wake alipofungua mlango wa nyumba, gari lilikuwa pale nje, limeegeshwa sambamba na ukuta, kipande cha mnyororo kinaning’inia kwenye bampa.

Mama huyo hakupoteza muda kulia. Alimleta bibi mganga, mwanamke mfupi mwenye chetezo na maneno machache. Bibi aliingiza kichwa kwenye dirisha la dereva akiwa na moshi na dua, na mkanda ukamrukia kama nyoka, ukamzunguka shingo, ukamvutia ndani hadi miguu yake ikaachana na ardhi.

“Mkanda! Fungua mkanda!” mzee alipaza sauti, lakini aliyekuwa karibu alikuwa binti. Akafungua mlango, akapenyeza mwili juu ya kiti, akakibonyeza kifungo. Bibi mganga akaporomoka nje, bega limevunjika, anakohoa damu. Mlango ukajifunga. Tak. Mkanda ulikuwa umemfunga binti.

“Siwezi kumfukuza,” bibi akamwambia mzee, akimshika suruali. “Si jini wangu. Umemwapia mbele ya watu kwamba ni mwanafunzi wako. Mwanafunzi hafukuzwi kwa ubani. Huondoka akifaulu. Lakini sikia, baba: ukimfaulisha, umempa barabara zote.”

Gari lilikuwa limeanza kutembea. Mzee Polepole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia, akalishika, akajirusha kwenye kiti cha mwalimu.

Binti alikuwa ameshika usukani bila kuugeuza. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

“Baba,” akanong’ona, “kuna mtu chini yangu. Nimepakatwa.”

“Usisogee, mwanangu. Usiongee.”

“Anapumua shingoni mwangu, baba.”

Wakaingia barabara kuu kwa mwendo ambao mzee hakuwahi kuuona katika maisha yake yote, wakavunja meza za wauza matunda, wakamrusha mwendesha baiskeli mtaroni, wakakwaruza ubavu wa lori hadi cheche zikaruka na kioo cha pembeni kikang’oka, na mbele yao mji ukaisha, na ulipoisha ilianza njia ya machimbo ya kokoto, ile inayonyooka hadi ukingoni mwa shimo ambalo chini yake watu huonekana kama sisimizi. Na mkanda ulizidi kumkaza binti, na mzee akasikia ubavu wa mtoto wake ukilia kama kijiti kikavu, na binti akafungua mdomo bila sauti kutoka.

“Mwalimu,” ikasema ile sauti, yenye adabu kama siku ya kwanza, “leo ni mtihani?”

Mzee akalifuta jasho usoni. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumpitisha mtu asiyestahili. Walimletea zawadi, walimlilia, alikataa, kwa maana alisema anayempitisha dereva mbaya amemzika mtu asiyemjua.

“Ndiyo,” akasema. “Leo ni mtihani. Punguza mwendo.”

Ukapungua.

“Geuza. Ashiria kwanza.”

Taa ikapepesa. Gari likageuka, magurudumu ya nyuma yakimwaga kokoto shimoni. Akaliongoza kwa sauti yake ile ya kila siku, neno kwa neno, kupita shule, kupita pale mbwa alipokufa, hadi uwanjani kwake. Akaliambia liegeshe. Likaegesha katikati ya koni bila kuigusa hata moja.

Mkanda ulikuwa bado umekaza. Midomo ya binti ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

“Mwalimu, nimefaulu?”

Mzee akamtazama binti yake. Halafu akatazama barabara, mahali ambapo watoto wa shule walikuwa wakivuka wameshikana mikono.

“Umefaulu,” akasema.

Tak.

Binti akaanguka begani mwa baba yake, akavuta pumzi iliyolia kama mlango mbovu. Alikuwa hai. Juu ya paa kitu kikang’olewa kwa nguvu, na kibao cha L kikaanguka mchangani mbele ya boneti, kimepasuka katikati.

“Ahsante, mwalimu. Shikamoo.”

Safari hii mzee hakuitikia. Lakini upande wa pili wa uwanja, mwanamke aliyekuwa akiingia kwenye gari lake jeupe aligeuka, akijua kuna mtu amemwamkia, akasema “marahaba” huku akitafuta funguo mkobani. Mzee akapiga kelele, akapiga honi, akapiga kioo kwa ngumi hadi kikavunjika. Mwanamke hakusikia. Gari jeupe likaashiria, likaingia barabarani taratibu, likaelekea kwenye watoto.

Sasa ni binti anayefundisha. Baba yake hukaa kivulini, mkono wake una makovu ya kioo, na magari yanapopita kasi hufumba macho. Hasemi mengi. Lakini ukienda kujifunza pale, binti atakuomba jambo moja, nami nakuomba hilo hilo, kwa upole, ulikumbuke: kabla hujaitikia salamu na kusema “twende”, mtazame kwanza usoni anayekuamkia.